Asilimia 30 na Mtu wa Kuisemea

Sheria yetu inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa ajili ya makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Hii si ahadi ya jukwaani. Iliingizwa katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 kwa marekebisho ya mwaka 2016, ikaendelezwa na sheria mpya, Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, pamoja na kanuni zake zilizoanza Julai mwaka huohuo. Hapa Mwanza, ambako kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu vya vikundi vya akina mama kuanzia Igoma hadi Kirumba, karibu kila mwenyekiti wa kikundi anaifahamu asilimia hiyo, na wengi huitaja kama mtu anayetaja shamba la urithi ambalo hajawahi kuonyeshwa mipaka yake.

Hoja yangu ni moja. Serikali imeandika sheria nzuri na imejenga mfumo wa kielektroniki wa kuitekeleza, lakini haijaweka ndani ya ofisi zinazonunua mtu ambaye kazi yake rasmi ni kukisemea kikundi kidogo tangu mpango wa ununuzi unapoandikwa hadi fedha zinapoingia benki. Afisa maendeleo ya jamii anavipenda vikundi, anavilea na kuvifundisha kuandika katiba, ila haingii kwenye kikao cha bodi ya zabuni. Afisa ununuzi anaingia kwenye mchakato wote, ila wajibu wake ni kuipatia taasisi bidhaa na huduma kwa bei inayofaa na kwa wakati, na anatakiwa asimwegemee mzabuni yeyote. Mhasibu naye analipa kwa kadiri fedha zinavyoingia. Kila mmoja wa hawa watatu anaweza kutimiza wajibu wake kikamilifu, na bado mwaka ukaisha kikundi hakijapata kitu.

Nianze na walengwa wenyewe, kwa kifupi. Katika nchi nyingine utaratibu wa namna hii umejengwa kwa ajili ya watu wa asili au rangi fulani ambao ni wachache na waliofungiwa mlango kwa muda mrefu. Sisi hatugawi zabuni kwa kabila, na nadhani ni busara. Lakini wanawake si wachache hata kidogo: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao wanawake walikuwa 31,687,990. Kinachofanya wahesabiwe kuwa kundi maalumu ni kwamba hati za nyumba, dhamana za benki na uzoefu wa mikataba iliyopita, vitu ambavyo nyaraka za zabuni huviulizia, mara nyingi viko kwa mtu mwingine. Mwanamke anayewalisha mafundi wa mtaa mzima kwa miaka mingi hana karatasi hata moja inayothibitisha kwamba amewahi kulisha mtu.

Wanunuzi wa umma hapa Mwanza ni wengi kuliko watu wanavyofikiri. Kuna Halmashauri ya Jiji, Manispaa ya Ilemela na halmashauri za wilaya zinazotuzunguka, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Kuna hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, kuna mamlaka ya maji, kuna bandari, kuna TANESCO ya umeme, TARURA ya barabara, vyuo na shule. Wote hawa hununua vitu ambavyo kikundi cha wanawake kinaweza kuvifanya bila kujifunza upya: usafi wa ofisi na viunga, chakula na vinywaji kwenye mafunzo na vikao, ushonaji wa sare na mapazia, kufyeka nyasi kando ya barabara, karatasi na vifaa vya ofisi, meza na madawati kwa vikundi vya vijana wenye karakana. Hakuna ugumu wa kiufundi hapo. Mama ambaye anaendesha genge la chakula pale Mabatini anajua hesabu ya sahani mia mbili vizuri kuliko mimi ninayemwandikia vitabu.

Njia ya kufika huko ina hatua zake. Kikundi kinasajiliwa na kutambuliwa na halmashauri kupitia idara ya maendeleo ya jamii, kinakuwa na katiba, akaunti ya benki, namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, kisha kinaingizwa katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023 badala ya mfumo wa awali, TANePS. Naomba nisieleweke vibaya kuhusu NeST. Kabla yake, tangazo la zabuni lilibandikwa kwenye ubao wa halmashauri na kuna watu waliojua saa ya kubandikwa na saa ya kubanduliwa. Sasa tangazo liko wazi kwa mtu aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, kama lilivyo kwa mtu aliyeko mjini, na hiyo ni haki iliyoongezeka kwa kiasi kikubwa. Tatizo lililobaki ni la chini zaidi, nalo ni nani anayefungua mfumo. Wanachama wengi wa vikundi nilivyo navyo wana simu ndogo, na wachache wenye simu janja hawawezi kupakia nyaraka za kurasa kumi na tano kupitia kioo cha simu. Kwa hiyo wanakwenda kwenye stesheneri. Kijana wa stesheneri anawafungulia akaunti, anatumia barua pepe yake mwenyewe kwa sababu wao hawana, anaandika nywila kwenye daftari lake, na tangu siku hiyo jicho la kikundi kwenye ununuzi wa umma ni daftari la kijana ambaye mwezi ujao anaweza kuhamia Geita. Kikundi kinaalikwa kuwasilisha bei, mwaliko unafika kwenye barua pepe ya kijana, muda unapita. Baadaye ofisi inasema, na inasema kweli, kwamba makundi maalumu yalialikwa na hayakujitokeza.

Hata hivyo, mambo ya nywila yanarekebishika kwa mafunzo ya siku chache na kompyuta moja kwenye ofisi ya kata. Ugumu wenyewe uko kwenye fedha, na hapa ndipo nataka nikae kwa muda.

Tuseme kikundi cha wanawake kumi kimepata kazi ya chakula kwenye mfululizo wa mafunzo, yenye thamani ya shilingi milioni 12. Ili kuitekeleza wanahitaji kununua mchele, nyama, sangara, mafuta, mkaa na maji ya chupa, kukodi vyombo, kulipa nauli na posho za wasaidizi. Tuseme fedha za kuanzia zinazohitajika ni milioni 8, gharama nyingine watazibeba kwa nguvu zao na kwa bidhaa walizo nazo, na faida waliyoikadiria ni shilingi milioni 1.8. Hawana milioni 8. Benki inataka dhamana, na hati ya agizo la ununuzi iliyotolewa na taasisi ya serikali, ambayo kwa akili ya kawaida ni karatasi nzuri kuliko nyingi, haitoshi mezani pa afisa mikopo. Wanakwenda kwenye kikoba kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni shilingi 400,000. Wakilipwa baada ya mwezi mmoja wamebaki na milioni 1.4, na hiyo ni biashara. Wakilipwa baada ya miezi minne wamebaki na 200,000, ambayo ni shilingi 20,000 kwa kila mwanamke kwa kazi ya wiki kadhaa za kuamka saa kumi alfajiri. Ukifika mwezi wa tano riba ni milioni 2, na kikundi kimeilisha serikali kwa hasara yake chenyewe.

Mfano huu ni wangu, lakini mtu yeyote anayeshika vitabu vya vikundi vya namna hii ataona anaufahamu. Kampuni kubwa inayouza kwa serikali inaweza kusubiri malipo kwa sababu ina wateja wengine na ina benki inayoijua. Kampuni hiyo pia huweka gharama ya kusubiri ndani ya bei yake tangu mwanzo, jambo ambalo akina mama hawalifanyi kwa kuwa wanaogopa kuonekana ghali. Kwa hiyo malipo yanapochelewa kwa wote kwa usawa, adhabu inawaangukia wasio na akiba. Usawa wa aina hiyo ndio unaonifanya niseme kwamba asilimia 30 peke yake haitoshi.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba fedha za kuziba pengo hilo zipo, na ziko katika jengo lilelile. Tangu marekebisho ya sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi zilizoonyeshwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, vikiwemo vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sasa angalia jinsi meza mbili za halmashauri moja zinavyopishana. Meza ya kwanza inakopesha kikundi fedha za kufuga kuku, kisha inahangaika kutafuta marejesho kwa sababu kuku wamekufa kwa kideri. Meza ya pili inatafuta mtu wa kutoa huduma ya chakula ambaye serikali yenyewe italipa. Kama mkopo wa asilimia 10 ungefungwa kwenye hati ya agizo la ununuzi, kikundi kingepata mtaji bila riba, halmashauri ingejikata marejesho yake kwenye malipo kabla hayajatoka, na kikundi hewa kingeshindwa kujificha kwa kuwa lazima kuwe na sahani zilizopakuliwa au sakafu zilizopigwa deki. Sioni sheria inayokataza halmashauri kuupa kipaumbele mkopo wa namna hiyo. Ninachokiona ni kwamba hakuna mtu aliyepewa jukumu la kutembea kutoka meza ya kwanza hadi ya pili.

Marekani waliligundua pengo hilo mapema, na historia yao inafaa kusomwa hata na mtu wa Pasiansi hapa Mwanza. Mwaka 1969 Rais Richard Nixon alianzisha kwa amri yake ofisi ya kushughulikia biashara za watu wa makundi madogo, yaani walio wachache kwa asili au rangi, ambayo baadaye ikawa wakala ndani ya wizara ya biashara ya nchi hiyo. Ofisi hiyo ilikaa nje ya wanunuzi, kama idara yetu ya maendeleo ya jamii. Mwaka 1978 bunge lao lilipiga hatua ya pili, ambayo naiona kuwa ya maana zaidi: lilitaka kila taasisi ya serikali kuu yenye mamlaka ya kununua iwe na ofisi yake ya ndani ya kuzisemea biashara ndogo na zile za watu wasio na fursa, na mkuu wa ofisi hiyo awajibike moja kwa moja kwa mkuu wa taasisi au naibu wake. Hilo la kuwajibika juu kabisa si mapambo. Mtetezi akiwa chini ya mkuu wa kitengo cha ununuzi, atamtetea mzabuni mdogo mbele ya bosi wake mwenyewe, na sote tunajua mazungumzo hayo huishia wapi. Zaidi ya hapo, wakala wao wa biashara ndogo ana wawakilishi wanaopitia zabuni kabla hazijatangazwa, na wanaweza kupinga pale kazi nyingi ndogo zinapofungwa pamoja kuwa kandarasi moja kubwa ambayo mdogo hawezi kuibeba.

Pamoja na yote hayo, safari yao haikuwa nyepesi. Mwaka 1994 waliweka lengo la asilimia 5 ya mikataba ya serikali kuu kwa biashara zinazomilikiwa na wanawake, na walilifikia kwa mara ya kwanza katika mwaka wa fedha 2015. Miaka 21 kwa asilimia 5, katika nchi yenye ofisi za utetezi kila wizara. Nasi tumeandika 30 kwa makundi manne. Sisemi kwamba 30 ni nyingi mno. Nasema kwamba tarakimu kubwa inadai mashine kubwa ya kuisukuma.

Kuna kisa kingine cha huko ambacho kinanigusa kwa sababu ya ile asilimia. Mwaka 1983 jiji la Richmond, Virginia, ambalo karibu nusu ya wakazi wake walikuwa Wamarekani weusi, liliamua kwamba kila mkandarasi mkuu wa jiji awape makandarasi wadogo wa makundi madogo angalau asilimia 30 ya thamani ya kandarasi. Sababu ilionekana: katika miaka mitano iliyotangulia, biashara za makundi hayo zilikuwa zimepata asilimia 0.67 tu ya kandarasi kuu za ujenzi za jiji. Kampuni moja, J.A. Croson, ilikuwa mzabuni pekee wa kufunga vyoo katika gereza la jiji, ikashindwa kutimiza sharti hilo, ikanyimwa msamaha na kwenda mahakamani. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliufuta mpango wa Richmond. Majaji walio wengi walisema jiji halikuonyesha ushahidi wa kutosha wa ubaguzi katika ujenzi wa eneo lake, na tena orodha yake ya walengwa iliwataja hata Waeskimo na Waaleuti, wenyeji wa asili wa Alaska, ambao hakuna aliyeonyesha kwamba waliwahi kubaguliwa katika ujenzi wa jiji hilo. Baada ya hukumu hiyo, majiji mengi ya Marekani yalilazimika kufanya tafiti za kuhesabu nani anapata kandarasi na nani hapati, kabla ya kutenga chochote.

Hatuko chini ya katiba yao, na hakuna mtu atakayekwenda mahakamani Mwanza kupinga zabuni ya mapazia kwa hoja ya Richmond. Lakini hoja ya takwimu inatuhusu. NeST inajua kila zabuni iliyotangazwa, aliyeshinda, na kwa kiasi gani. Kwa hiyo halmashauri inaweza, bila kuajiri mtafiti, kubandika kila robo mwaka karatasi moja inayosema: tumenunua vitu vya thamani hii, wanawake wamepata kiasi hiki, vijana kiasi hiki, wazee kiasi hiki, watu wenye ulemavu kiasi hiki, na waliolipwa hadi leo ni hawa. Nasisitiza sehemu ya mwisho. Zabuni iliyotolewa na haijalipwa haipaswi kuhesabiwa kuwa imemfikia mlengwa.

Tofauti nyingine ni mahali mzigo ulipowekwa. Richmond iliuweka kwa mkandarasi mkuu. Sisi tumeuweka kwa taasisi inayonunua. Tazama ziwa letu, Victoria. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025. Reli ya kisasa inajengwa kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341. Meli ya MV Mwanza imejengwa palepale bandarini. Hakuna kikundi cha akina mama kinachoweza kuomba kandarasi ya kujenga nguzo za daraja, na haina maana kujifanya. Lakini maelfu ya wafanyakazi wa miradi kama hiyo hula, huvaa ovaroli, hulala kwenye mashuka na hufanyiwa usafi kambini kwa miaka mingi. Mkandarasi huvinunua vitu hivyo kwa yeyote amtakaye, na manunuzi hayo hayaingii kwenye hesabu ya asilimia 30 ya taasisi. Laiti ndani ya kila kandarasi kubwa kungeandikwa kipengele cha chakula, usafi na sare kununuliwa kwa vikundi vilivyosajiliwa vya eneo la mradi, nadhani wanawake wa Kigongo wangeona fedha nyingi kuliko zote zilizopitia semina za ujasiriamali tulizowahi kuandaliwa. (Semina hizo nazo zina chakula, na mara kadhaa nimeona kikiletwa na hoteli.)

Majirani zetu wa Kenya, upande wa pili wa ziwa, walitangulia kwa miaka kadhaa. Mpango wao wa AGPO ulianza mwaka 2013, nao unatenga asilimia 30 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wao wanataka asilimia 70 ya wanachama wa kikundi na uongozi wote watoke kwenye kundi lengwa, ili kuzuia mfanyabiashara mwenye nguvu asijifiche nyuma ya jina la shangazi yake. Na wao pia kilio chao kikubwa, hasa katika serikali za kaunti, kimekuwa madeni ya wazabuni yasiyolipwa. Hilo linanithibitishia kwamba ugonjwa haujaletwa na mfumo wa kompyuta wala na uzembe wa mtu mmoja wa Mwanza.

Zipo hoja za upande mwingine na zina uzito. Afisa ununuzi mmoja, kijana makini ninayemheshimu, alimweleza mwenyekiti wa kikundi kimoja mbele yangu, kwa upole wa mtoto anayezungumza na mama yake: "Mayu, shikamoo yako naipokea kwa aibu, maana mimi ndiye niliyepaswa kukuamkia. Lakini nikiigawa hii kazi ya usafi mara nane, nitaandika tathmini nane, mikataba minane na ankara nane kila mwezi, na mkaguzi akija ataniuliza kwa nini sikutumia mzabuni mmoja mwenye bei nafuu. Nani atanijibia?" Mama huyo, ambaye alikuwa amemwamkia kwa utani tu, alicheka, kisha akamjibu kwamba yeye hajaomba vipande vinane, ameomba kimoja.

Kijana yule alikuwa na hoja. Kugawa kazi ni kazi, na anayeigawa halipwi zaidi kwa kuigawa. Mkaguzi naye humwuliza mtu kuhusu gharama iliyozidi mara nyingi kuliko anavyomwuliza kuhusu kikundi ambacho hakikualikwa. Ndiyo maana narudia kwamba jambo hili halitatuliwi kwa kumwomba afisa ununuzi awe na huruma. Huruma si kipengele cha sheria, na ikitumika kwenye ununuzi huishia kumfikia mtu anayefahamiana na mwenye huruma. Kinachohitajika ni mtu mwingine mwenye jukumu lililoandikwa, anayeweza kusema kwenye kikao, "zabuni hii igawanywe, na maelezo ya mkaguzi nitayaandika mimi."

Hoja ya ubora nayo husemwa, kwamba vikundi huleta kazi duni. Nimeona kazi duni za vikundi, na nimeona kazi duni za kampuni zenye magari yaliyochorwa nembo. Tofauti ni kwamba kampuni ikiharibu inaandikiwa barua na kupewa nafasi ya kurekebisha, na kikundi kikiharibu linaharibika jina la vikundi vyote. Dawa ya kazi duni ni kuikataa kazi hiyo, siyo kuikataa asilimia.

Mtu huyu ninayemsema hahitaji wizara mpya wala gari. Angetosha kuwa mtumishi mmoja katika kila halmashauri, anayewajibika kwa mkurugenzi, mwenye mambo machache ya kufanya kwa msimu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mpango wa ununuzi wa mwaka huandaliwa kabla. Yeye angeusoma mpango huo ungali rasimu na kuonyesha kazi zipi zinatosha kikundi na zipi zigawanywe, kwa sababu mpango ukishapitishwa, kuugusa ni shida. Katikati ya mwaka angehakikisha kila kikundi kina barua pepe yake na nywila yake, na kwamba mwaliko ukitumwa kwenye NeST kuna mtu aliyepigiwa simu. Kazi ikishafanyika, angeifuata ankara mezani pa mhasibu kila wiki, kama wenye kampuni wanavyozifuata zao wenyewe kwa miguu yao. Marekani wana sheria tangu mwaka 1982 inayoitaka serikali kuu kulipa ndani ya siku 30 kwa kawaida au kuongeza riba. Kwetu, hata bila riba hiyo, orodha ya ankara za makundi maalumu zilizopitisha siku 30, ikisomwa mbele ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ya halmashauri, ingewafanya madiwani waulize maswali ambayo kwa sasa hawana karatasi ya kuyaulizia.

Kwa wanaosoma hapa na wana kikundi, kuna mambo ambayo hayamsubiri mtu huyo. Nendeni stesheneri mkabadilishe barua pepe na nywila wiki hii, na ziandikwe kwenye daftari la katibu. Mnapopanga bei, hesabuni miezi mitatu ya kusubiri malipo ndani ya bei yenu, hata kama inaonekana kubwa; mkikosa kazi kwa sababu hiyo, mmeepuka hasara. Msipokee agizo la mdomo, hata kama aliyelitoa ni mtu mnayemwamini na mnasali naye. Mkikabidhi kazi, ondokeni na karatasi ya mapokezi iliyosainiwa na yenye tarehe, kwa kuwa siku za kudai zinahesabiwa kutoka hapo. Na mwezi wa Mei, kabla mpango wa ununuzi wa mwaka haujafungwa, mwandikieni mkurugenzi barua yenye mambo matatu: kazi mnayoiweza, kiwango mnachoweza kukibeba kwa mara moja, na swali la ni kiasi gani cha ile asilimia 30 ya mwaka unaoisha kimekwisha kulipwa. Nakala apewe diwani wenu.